Spika ya Kubeba au Bafle ya Nyumba? Tulivyochagua Sisi

Zamu ya kuandika wiki hii ni yetu, sisi tunaojitolea upande wa mpaka. Wenzetu wa Kasese mjini wametuomba tueleze ile habari ya spika, maana watu wengi waliuliza: kikundi cha wakimbizi kinanunuaje bafle nzito ya kuweka ndani ya nyumba, badala ya spika ndogo ya kubeba? Tunajibu hapa, pamoja na hesabu zetu.

Kwanza tuelewane kwa majina. Sisi tuliotoka Kongo tunasema bafle, na hata kama ni ndogo tunaiita bafle tu. Hapa Uganda watu wanasema spika, na ile ya chini yenye kishindo wanaiita wufa. Katika andiko hili, "spika ya kubeba" ni ile yenye betri ndani, unaunganisha na simu bila waya, unaitia kwenye begi na kwenda. "Bafle" ni ile seti ya nyumbani: wufa yenye amplifaya ndani, maboksi mawili ya pembeni, waya, na soketi ya ukutani. Siku hizi bafle nyingi nazo zina Bluetooth, kwa hiyo kusema moja ina waya na nyingine haina si kusema yote. Tofauti kubwa ni kwamba moja ina betri inayotembea nayo, na nyingine lazima iwe na mahali pa kukaa.

Pesa yetu ilikuwa ndogo. Tuko watu 20. Kila mtu alitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa miezi 7, tukafika 280,000. Kwa mtu wa ofisi hiyo si kitu. Kwa sisi kuna waliochuma kahawa kwenye shamba la jirani ili wapate hiyo elfu mbili, na kuna waliofua nguo za watu. Kwa hiyo hatukutaka kununua kitu halafu baada ya miezi miwili kinalala chini ya kitanda.

Tulianza na upande wa spika ya kubeba, kwa sababu karibu wote tulikuwa upande huo. Kazi yetu ni ya kutembea. Tunaenda sokoni Mpondwe, tunaenda penye watu wapya waliovuka mto Lhubiriha kutoka Kasindi, tunaeleza mambo ya usafi, ya kujiandikisha, ya watoto waliopotezana na wazazi. Mahali pengine umeme hakuna kabisa. Mahali pengine uko, lakini leo uko na kesho hauko.

Halafu kuna mambo yaliyopita hapa ambayo hatuwezi kuyasahau. Juni 2019, Ebola iliyokuwa Kongo tangu Agosti 2018 ilivuka mpaka huu. Mtoto wa miaka 5 aliyekuja na familia yake alitibiwa hapa Bwera, na hapa hapa akafariki. Wakati kama ule habari lazima itembee haraka: nawa mikono, usishike maiti, ukiwa na homa sema. Huwezi kuwaambia watu wanaoogopa waje kwenye chumba chako wasikilize bafle. Wewe ndiye unawafuata walipo, tena kwa lugha yao. Mwenye Kinande na mwenye Lhukonzo wanasikilizana bila shida, lakini mtu wa Bunia au wa Goma anataka Kiswahili.

Na Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika upande wa Kasese, ukabeba nyumba na kuharibu hata hospitali ya Kilembe. Mmoja wetu alisema kwenye kikao, "Maji yakikuja, bafle utaiweka wapi? Kichwani?" Tukacheka, lakini hoja yake ilikuwa ya kweli.

Basi tukawatuma watu watatu kwenda Kasese kuangalia bei. Ni zaidi ya kilomita 50, unapita Kikorongo katikati ya mbuga, nauli si ya kuchezea. Tukawaambia wasinunue kitu. Waulize, waguse, wasikilize, warudi na habari. Tunaandika hapa walichojifunza, maana hata mwenye pesa nyingi kuliko sisi anaweza kudanganywa na maandishi ya kwenye boksi.

La kwanza ni wati. Kwenye boksi la spika ndogo unaweza kukuta namba kubwa sana, na pembeni herufi PMPO. Hiyo ni namba ya kuvutia macho. Tafuta panapoandikwa RMS. Hiyo ndiyo nguvu ambayo spika inaweza kutoa kwa muda mrefu bila kuumia. Kama RMS haipo, usiiamini namba, amini masikio yako.

La pili ni betri. Chukua namba ya mAh, gawa kwa 1,000, halafu zidisha kwa volti. Spika yenye betri ya mAh 2,000 na volti 3.7 ina wati-saa 7.4. Ukiifungulia itumie wati 5, haitamaliza hata saa moja na nusu. Muuzaji akikwambia inapiga siku nzima, labda ni kweli, lakini ni kwa sauti ya chini, ya mtu aliyelala pembeni yake. Sokoni huwezi kupiga sauti ya chini.

La tatu ni umbali. Watu wanachanganya umbali wa Bluetooth na umbali wa sauti. Bluetooth ya kawaida inafika kama mita 10, na ukuta au kundi la watu katikati vinaipunguza. Sauti yenyewe nayo mahali pa wazi inachoka haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayomfikia msikilizaji inabaki robo. Aliye mita 2 anasikia vizuri, aliye mita 4 anapata robo, aliye mita 8 anapata robo ya ile robo. Ndiyo maana spika ndogo ndani ya duka inapiga kelele, ukiitoa nje barabarani inakuwa kama nzi. Dukani kuta zinairudishia sauti, nje hakuna ukuta. Ukiwa unataka kununua, mwombe muuzaji uitoe nje uisikilize. Akikataa, nenda duka lingine.

La nne ni mvua. Milima ya Rwenzori haiombi ruhusa. Spika nyingine zina alama ya IPX7, maana yake ikizama kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30 haiharibiki. Lakini alama ya kuchapisha kwenye boksi ni rahisi. Angalia kifuniko cha mpira kwenye tundu la chaji: kama kimelegea au hakipo, hiyo IPX7 ni hadithi.

La tano ni simu. Spika isiyo na waya inacheza kile ambacho simu inacheza. Uko katikati ya tangazo la chanjo, simu inaita, na wote wanasikia wimbo wako wa mlio, halafu sauti ya mtu anasema "Unanidai bado?" Weka simu kwenye hali ya ndege kisha washa Bluetooth tena, au tumia flashi au memori kadi. Na kama unataka kuongea na watu, spika lazima iwe na tundu la maiki. Nyingi za bei ya chini hazina.

Kwa bei walizopewa siku ile, spika ndogo isiyo na maiki ilikuwa 65,000. Ile kubwa yenye magurudumu na maiki ilikuwa 270,000. Na kwa fundi mmoja wa redio kulikuwa na bafle iliyotumika, wufa na maboksi mawili, kwa 230,000.

Yule fundi aliwaeleza jambo ambalo hatukulitegemea. Aliifungua ile bafle mbele yao. Akawaonyesha fyuzi: ikiungua unanunua nyingine kwa pesa ya soda. Waya zinashikwa kwa risasi, zikikatika anaziunga. Ile karatasi ya mviringo inayotetemeka ikichanika, inabadilishwa. Halafu akachukua spika ndogo iliyokufa ya mteja. Imegundishwa pande zote kwa gundi, kuifungua ni kuivunja, na betri yake ikishachoka, kupata nyingine ya kipimo kile kile ni bahati. Akasema, "Hii nikiletewa, mara nyingi nairudisha ilivyo. Bafle inazeeka, lakini inatibika."

Na umeme? Sisi tulidhani bafle itatumaliza. Fundi akapiga hesabu. Ile ilikuwa ya wati 40. Ukiipiga saa 5 ni wati-saa 200. Yuniti moja ni 1,000. Maana yake saa 5 za muziki ni moja ya tano ya yuniti. Kinachokula umeme ni pasi na jiko, si bafle.

Watatu wakarudi Bwera, tukafanya kikao. Wengi bado walitaka ile ya magurudumu, na sababu ilikuwa moja, ikirudiwa kwa maneno tofauti: sisi ni wakimbizi. Leo tuko hapa, kesho labda tuko Rwamwanja au Kyaka, keshokutwa labda mmoja anapigiwa simu ya kwenda Marekani. Unanunuaje kitu usichoweza kubeba?

Hapo ndipo yaya mmoja akasimama. Yeye ni mkubwa kwetu wote, ana watoto wawili, alitoka upande wa Beni. Tunaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa ruhusa yake:

"Mimi nimechoka kuwa mtu wa mizigo. Kila kitu tunanunua, kwanza tunauliza: kitaingia kwenye begi? Sufuria, ingia kwenye begi. Godoro, likunjwe. Kule kwetu baba alikuwa na bafle kubwa, iliwekwa kitambaa juu na picha ya harusi. Majirani walikuwa wanakuja pale. Tulipokimbia tuliiacha, ni sawa, iliachwa. Lakini kabla ya kuiacha tulikuwa na nyumba miaka kumi na tano. Sasa ninyi mnataka tusiwe na nyumba leo kwa sababu labda tutaiacha kesho?"

Kulikuwa kimya kidogo. Halafu akaongeza jambo la pili ambalo kwetu lilikuwa na nguvu kuliko la kwanza:

"Na hiyo ya kubeba italala kwa nani? Kwa mwenye kuibeba. Leo yuko nayo, kesho kaka yake ana sherehe, keshokutwa chaja haionekani. Kitu cha kubeba ni cha mwenye mkono. Kitu cha kukaa ni cha wote."

Hapo kila mtu alikumbuka jambo. Tumeshapewa vitu vya kubeba na wafadhili mbalimbali: redio ndogo, taa za sola, megafoni. Tuliishukuru misaada hiyo na bado tunaishukuru. Lakini tukihesabu leo vimebaki vingapi mikononi mwa kikundi, ni ile megafoni moja. Hakuna aliyeiba. Vilibebwa tu, kimoja kimoja, na waliohamia makazi mengine, na waliopata kazi Kampala, na waliorudi Kongo kuangalia shamba na hawakuja tena.

Upande wa pili walijibu vizuri pia. Kaka mmoja, anayetafsiri penye watu wapya, alisema: "Yaya, tunakuheshimu. Lakini mama aliyefika jana usiku na watoto hatakuja kwenye nyumba yetu kusikiliza. Hajui hata Bwera iko wapi. Pesa hii tuliichanga kwa ajili yake au kwa ajili yetu?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na hatukuwa na jibu moja. Tulipiga kura. Bafle ilipata 11, spika ya kubeba 9. Wawili katika wale 9 walitoka kwenye kikundi mwezi uliofuata. Mmoja amerudi, mwingine bado. Tunasema hivi ili msidhani uamuzi ulikuwa wa kupigiwa makofi.

Bafle ilisafiri kutoka Kasese juu ya taksi, imefungwa kwa kamba za mpira, imefunikwa na turubai. Kuanzia hapo tukaelewa kwamba bafle peke yake haitoshi. Inataka chumba. Chumba kinataka mwenye nyumba anayekubali. Mwenye nyumba anataka barua ya mwenyekiti wa LC1. Mwenyekiti anataka kujua ninyi ni nani, mnafanya nini, nani ana ufunguo. Kumbukeni Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, lakini sheria haikutambulishi kwa jirani. Miaka tuliyokaa hapa, majirani wengi walituona tu tukipita na mafulana ya kujitolea. Safari hii tulikaa na mwenyekiti kwenye benchi, tukaandikisha majina yetu, tukamwonyesha chumba.

Alituuliza jambo moja tu kwa ukali: saa. Tangu ule usiku wa Juni 2023, waasi wa ADF walipoivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha hapa Mpondwe wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, usiku si wakati wa kelele. Mtu akiwa kitandani anataka kusikia mbwa, anataka kusikia nani anapita. Muziki mkubwa unamfunga masikio. Tulimwelewa bila kuelezwa zaidi, maana nasi tumetoka mahali ambapo watu hulala hivyo. Tukakubaliana: saa moja jioni bafle inazimwa, soketi inachomolewa, hata kama wimbo haujaisha.

Miezi minne imepita. Jumamosi kuna mazoezi ya kwaya na ya maigizo. Jumatano akina mama wa kikundi cha kuweka akiba wanatumia chumba, wanalipa elfu mbili ya umeme, na wakimaliza kuhesabu wanacheza kidogo. Wazee wawili wa Kikonzo wa hapo jirani wanaleta flashi yao ya mahubiri kila Jumapili mchana. Watoto hatuwaiti, wanakuja wenyewe, na tunawawekea masomo ya Kiingereza kutoka kwenye simu, kwa sababu bafle ya ndani inasikika sawa kwa aliye mbele na aliye nyuma. Wufa ina kifua: maneno hayapasuki.

Kilichopungua nacho kipo. Siku za soko tunaenda na ile megafoni ya zamani, ambayo betri zake ni za kununua na sauti yake inakwaruza. Siku moja watu wapya walifika wengi, kulikuwa na mvua, na kaka yetu mtafsiri aliongea kwa mdomo mpaka koo ikakauka. Hakulalamika. Alituangalia tu, na tuliona. Ndiyo maana mchango wa elfu mbili haukusimama. Sasa unakusanywa kwa ajili ya spika ya kubeba yenye maiki, na yeye ndiye tumempa kazi ya kuichagua. Tumeamua pia itakuwa inalala wapi: ndani ya kile chumba, pembeni ya bafle, na daftari la kuandika nani ameichukua na saa ngapi ameirudisha.

Kwa vikundi vingine vinavyofikiria kununua, ushauri wetu ni huu. Kama hamna chumba na hamwezi kukipata, msinunue bafle, itaishia kwa mtu mmoja na mtagombana. Kama kazi yenu yote ni ya barabarani, nunueni ya kubeba, yenye tundu la maiki, na isikilizeni nje kabla ya kulipa. Kama mna watu wanaokutana kila wiki mahali pamoja, na kuna soketi, fikirieni bafle iliyotumika kutoka kwa fundi anayewafungulia muione ndani. Na msinunue kabla ya kujua itakapolala na ufunguo utakaa kwa nani.

Kwenu wa mashirika, tuna ombi dogo. Mnapopanga kutuletea vifaa, tuulizeni kwanza. Tunajua kitu cha kubeba ni rahisi kugawa, kinaingia kwenye gari, kinapigwa picha vizuri. Na mara nyingi ndicho kinachohitajika. Lakini si kila mkimbizi yuko njiani kila siku. Wengine wetu tuko hapa mwaka wa sita. Kuna wakati tunachohitaji ni kodi ya chumba ya miezi mitatu, soketi mbili na kufuli.

Mwenzetu wa Kasese anayeandika wiki ijayo atatueleza ni fundi yupi anafundisha vijana kushika risasi, na anataka nini. Na kama kuna mtu ana spika ya kubeba yenye maiki ambayo imedumu zaidi ya mwaka, aandike hapa chini ni aina gani na aliinunua kwa bei gani. Kaka yetu anasubiri majibu kabla hajapanda taksi.